Apolonia Hapigi Windo

Ukuta unaotenganisha duka langu na la Apolonia ni wa mabati matupu, kwa hiyo kwa miaka tisa nimesikia kila neno analowaambia wateja wake, na yeye amesikia kila ugomvi wangu na cherehani. Mimi ni fundi nguo hapa Runzewe, naitwa Wiliam, na wengi wananiita Baba Loveness. Yeye ni fundi kompyuta. Wanaomheshimu wanamwita Mama Sostenes. Wale ambao kompyuta zao zimekaa kwake zaidi ya siku tatu wanamwita yule mama mkaidi. Nimewahi kuwa katika makundi yote mawili, na wiki ninayotaka kuisimulia nilikuwa katika la pili, tena kwa moyo wote.

Wakati huo nilikuwa mwenyekiti wa kamati ya ujenzi wa shule shikizi, tawi dogo la shule ya mbali, kitongojini kwetu. Watoto wetu wadogo walikuwa wanatembea karibu saa mbili kwenda shule, na njiani kuna korongo ambalo masika hujaa maji hadi mtu mzima anasita kuvuka. Tulikuwa tumekusanya mawe, mchanga na tofali za kutosha madarasa mawili. Mambo ya nani ataleta nini yalikuwa yamekwisha, na mwenye kuyajua maneno ya vikao vya kijiji ataelewa kwamba hapo tulikuwa tumepanda mlima. Jumamosi wazazi wote wangekuja kwenye msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, kuchimba msingi. Mahali nilipachagua mimi. Vigingi nilivipigilia mimi, na kamba nikazifunga kwa mikono yangu.

Jumatano asubuhi akaja Vumilia, binti wa marehemu Maganga, amekumbatia begi kifuani kama mtu aliyebeba mayai.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umeleta kitambaa?"

"Hapana, baba. Nimekuja kukuomba Jumamosi msichimbe."

Nilicheka. Nilidhani ni utani, na mzaha wa namna hiyo kwa mwenyekiti wa kamati haufai, lakini nilicheka. Yeye hakucheka. Akaniambia kwamba baba yake, ambaye kwa miaka mingi alikuwa msimamizi wa duara, ndivyo wachimbaji wanavyoliita shimo la dhahabu, alitumia miaka yake sita ya mwisho kutembea na simu kwenye Machimbo ya Zamani akiweka alama kila lilipofukiwa duara. Wachimbaji waliotoboa pale walikuwa watu wa kuja. Dhahabu ilipopungua waliondoka na kumbukumbu zao, wakakimbilia kwingine. Majani yakaota, watu wakalima viazi juu yake. Sisi tuliobaki tulijua kwamba maduara yote yako ng'ambo ya korongo. Maganga alikuwa akisema mengine yako upande wetu.

"Yako wapi?" nikamuuliza.

"Alinionyesha mara moja kwenye kompyuta yake. Niliona vidoti vyekundu vingi, sikushika ni wapi na wapi. Hiyo kompyuta nimeirithi mimi, ila inaumwa. Ramani haifunguki."

Nikamwambia, mbele ya wateja waliokuwa dukani, maneno ambayo nisingeweza kuyakana baadaye: ailete ramani kabla ya jembe la kwanza Jumamosi, nami nitasimamisha kazi. Asipoileta, tunachimba. Kisha nikamwelekeza duka la jirani. Nitasema ukweli wangu hapa, kwa kuwa umri wa kujificha umenipita. Nilimtuma kwa Apolonia kwa sababu nilijua Apolonia ni mzito, na Jumamosi haikuwa mbali. Nilitaka shule. Niliogopa kwamba tukisimama mara moja, watu watatawanyika, mvua itashuka, na tofali zetu zitarudi kuwa udongo.

Huyo Apolonia alizaliwa Nkome, mwaloni ufukweni mwa ziwa, na amekua akichambua dagaa na mama yake, akiondoa changarawe moja moja. Akasomea uchapaji Shinyanga mjini, akaajiriwa kwenye ofisi ya kiwanda cha kuchambua pamba, akachapa barua kwa miaka kumi na moja. Kompyuta zilipoletwa pale ofisini, fundi alikuwa anatoka Mwanza mara moja kwa mwezi, na siku zote zilizobaki mashine zinakufa. Apolonia alikuwa anasimama nyuma ya yule fundi na daftari, anaandika kila anachobonyeza. Baada ya mwaka mmoja akaanza kumkosoa. Kiwanda kilipofungwa milango, alikuja Runzewe na mashine moja ya kutolea kopi, meza, na lile daftari. Sasa daftari zimefika ishirini na mbili, na anakwambia yupi kati yetu alimwaga chai kwenye kompyuta mwaka gani.

Ana desturi yake. Kabla hajagusa mashine ya mtu anauliza maswali matatu: tatizo lilianza lini, nani ameigusa tangu lianze, na siku lilipoanza mlibadilisha nini. Anasema maswali mawili ya kwanza watu hujibu vizuri. La tatu wote hudanganya.

"Mwangaluka, mayu," nilimsikia Vumilia akisalimia kule kwake kwa Kisukuma.

"Mwangaluka. Kaa hapo. Ilianza lini?"

"Mwezi wa tano, baada ya kumaliza matanga."

"Nani ameigusa?"

"Kaka yangu Davis. Halafu fundi mmoja wa mnadani."

"Mlibadilisha nini?"

"Hatukubadilisha kitu, mama."

Nikasikia kalamu ikiandika. Nadhani aliandika "wamebadilisha kitu."

Basi nikaenda kuchungulia. Nilitegemea kumkuta ameshaiwasha. Wapi! Alikuwa ameilaza kifudifudi, anafungua skrubu zake moja moja na kuzipanga kwenye kifuniko cha soda. Akachomoa diski, akaiunga kwa waya na kompyuta yake mwenyewe, akaanza kuhamisha nakala ya kila kilichomo.

"Mama Sostenes," nikamwambia, "huyu binti ana haraka. Si umpigie windo tu?"

Kwa asiyejua, kupiga windo ndiyo dawa ya mafundi wetu wote kutoka Kahama hadi Katoro. Kompyuta ikiwa nzito, windo. Ikikataa kuchapa, windo. Wanachomeka flashi, wanafuta kila kitu, wanapakia mfumo mpya, na jioni wanakukabidhi mashine safi isiyokujua wewe ni nani. Picha za harusi zimekwenda, barua zimekwenda, fundi anakwambia ushukuru imepona.

Apolonia hakuinua hata macho. "Baba Loveness, mteja akikuletea shati limechanika kwapani, unashona kwapa au unalichoma moto na kumpa shati lingine?"

"Nashona kwapa."

"Basi rudi kashone."

Vumilia akacheka kwa mara ya kwanza siku hiyo. Mimi nikarudi kwenye cherehani yangu nimenuna.

Diski ilikuwa ya zamani na ilisoma kwa kusuasua. Umeme ulikatika mara mbili siku ile, lakini Apolonia ana betri ya sola kubwa kuliko ya zahanati, kwa hiyo kazi haikusimama. Nilipopita kuulizia, alinijibu kwamba nakala inatangulia kila kitu, kwa sababu marehemu hawezi kuandika mara ya pili. Alhamisi karibu na adhana ya mchana ndipo ikamalizika.

Nikadhani sasa ramani imepatikana. Haikupatikana. Faili la ramani lilikuwepo, lakini lilifunguka kwa programu moja ya zamani ambayo mpimaji fulani, kijana aliyepita na mradi miaka ile, alimwekea Maganga na kisha akaenda zake. Programu ile ilikuwa ndani ya kompyuta ya Maganga tu. Kama yule fundi wa mnadani angepiga windo, programu ingekwenda, na ramani ingebaki kama kufuli lisilo na ufunguo. Hilo nililielewa hata mimi.

Akarudisha diski mahali pake na kuiwasha. Ikachukua muda kama inapanda kilima. Ikaandika kumkaribisha Maganga, kisha ikatoa tangazo kwamba imeshindwa kuifungua akaunti, kisha ukatokea uso mtupu, hakuna faili, hakuna picha, kama mashine iliyotoka dukani. Apolonia akaandika barua fupi ya majaribio, akaihifadhi, akazima, akawasha. Barua haikuwepo.

"Kila siku inamlaza mwenye nyumba chumba cha wageni," akasema. "Asubuhi wanafagia kila alichoacha. Chumba chake mwenyewe haikioni."

Akaingia kwenye folda za watumiaji. Palikuwa na folda kubwa yenye jina la Vumilia, na ndogo ndogo tano za muda. Ya Maganga haikuwepo kabisa. Akamgeukia Vumilia na kumtazama juu ya miwani.

"Mwanangu, swali la tatu narudia."

Vumilia akatazama chini, kisha akampigia simu kaka yake. Davis akaja na pikipiki, bado ana fimbo ya kuchungia begani, akasalimia watu wote waliokuwepo pale pamoja na wateja wangu wawili waliokuja kupima suruali.

"Mama, mimi sikuharibu," akaanza kujitetea. "Siku ya kugawa mali, baba mkubwa Makoye alisema kila kitu kiwekewe alama ya mwenye nacho, yasije yakatokea maneno mbele ya safari. Ng'ombe tulizibadilisha chapa. Jembe la kukokota nikaandika jina. Baiskeli nikaandika jina. Kompyuta ilikuwa ya Vumilia, ikabidi nayo niibadilishe chapa."

"Uliibadilishaje?"

"Nilifungua akaunti yangu pembeni. Nikaingia kule ndani, kila nilipoona Maganga nikafuta nikaandika Vumilia. Hata mama alitaka hivyo. Kila ikiwaka inasema karibu Maganga, mama analia."

Wateja wangu walicheka mpaka mmoja akashika ukuta. Mimi pia. Apolonia alicheka akavua miwani akaifuta, lakini aliposema naye alisema kwa upole. Ng'ombe ukimbadilisha chapa, alimwambia, jioni bado anarudi zizini kwake. Kompyuta haina akili hiyo. Mfumo umeandikiwa kwamba vitu vya Maganga viko kwenye folda ya Maganga, na ramani nayo inaita vidoti vyake kutoka folda hiyo hiyo. Umebadilisha jina la folda, hujauambia mfumo. Mfumo unagonga mlango, mlango haupo, unakwenda kulala chumba cha wageni.

"Na huyo fundi wa mnadani alifanya nini?" Apolonia akamuuliza Vumilia.

Huyo alikuwa ameweka programu tatu za kuua virusi, kila moja ikiwadhania wenzake ni wezi, zinapigana usiku na mchana. Juu ya hizo akaweka programu ya kuongeza kasi, ambayo kila kompyuta ikiwaka ilikuwa inafuta mafaili iliyoyaona hayana kazi. Ndipo alipochomoa flashi ya kupiga windo, Vumilia akaogopa, akabeba kompyuta yake akaondoka. Nikamtazama yule binti kwa macho mengine. Mafundi wale wana maneno mengi, na kumnyang'anya fundi kazi mkononi kunataka moyo.

Apolonia akachomoa waya wa mtandao, akazima, akafunika. "Kesho asubuhi," akasema.

"Kesho ni Ijumaa!" nikapaza sauti, nimesharudi upande wangu wa mabati.

"Najua siku za wiki, Baba Loveness. Mashine hii inafuta vitu kila ikiwaka. Sitaiwasha tena mpaka nimeandika hatua zote nitakazopita."

Nikampa siku nzima ya kesho ashindwe. Ndivyo nilivyowaza, na sijivuni.

Ijumaa mama yao naye alikuja, Mama Davis, amejitanda khanga nyeusi mpaka kichwani. Mimi nilijifanya nimekuja kuazima mkasi. Apolonia alikuwa na ukurasa mzima wa hatua, na alizipita akitia alama moja baada ya nyingine, bila kukimbia na bila kusita, na nitasema bila aibu kwamba ni raha kumtazama mtu anayeijua kazi yake. Aliingia kwa akaunti ya Davis. Akaanza kwa kuing'oa ile programu ya kuongeza kasi, isipate nafasi ya kufuta hata faili moja tena. Akairudishia folda jina la Maganga. Kisha akafungua daftari la ndani la mfumo, mahali ambapo kompyuta imeandika kila mtumiaji na chumba chake. Maganga alikuwa ameandikwa mara mbili: mstari mmoja ni yeye mwenyewe, umeongezewa mkia mwishoni, na mwingine ni ule wa chumba cha wageni. Apolonia akalitolea nakala daftari lote kwanza. Akaufuta mstari wa wageni. Akaukata ule mkia.

"Sasa tuiwashe upya," akasema, na akakaa mikono mapajani.

Ikazimika. Ikawaka. Ikaandika: Karibu Maganga. Safari hii hakukuwa na tangazo lolote. Likatokea korongo letu, picha aliyoipiga mwenyewe wakati wa mvua na kuiweka mbele, na pembeni mafaili yake yamejipanga, barua, picha za wajukuu, na lile faili la ramani.

Mama Davis alilia. Hakulia kwa sauti. Alishika ukingo wa meza na machozi yakamshuka tu, na sisi wote tukakosa pa kutazama.

Apolonia akamsogelea. "Mama Davis, hilo jina la kukaribisha naweza kulibadilisha sasa hivi, na hakuna kitakachoharibika. Lina mahali pake, folda ina mahali pake. Niweke la Vumilia?"

Yule mama alifikiri kidogo. "Liache," akasema. "Nilikuwa nalikimbia. Liache liniite niende kutazama wajukuu."

Nikasahau kwamba nimekuja kuazima mkasi. "Fungua ramani basi!"

"Bado."

"Mama Sostenes, kwa nini bado?"

"Kwa sababu wagomvi wamo ndani. Nikimaliza kusafisha, itafunguka na itaendelea kufunguka. Mimi sitengenezi kitu cha kuonyesha leo na kulia kesho. Na wewe, mabati hayana siri, Jumatano nilikusikia ulivyonichagulia kazi kwa sababu ya uzito wangu. Kaa hapo uone uzito."

Nikakaa. Akaondoa zile programu tatu za virusi moja moja, kila moja na mizizi yake. Akafuta folda tano za wageni baada ya kuhakikisha ni tupu. Akaandika amri ya kuufanya mfumo ujikague mafaili yake wenyewe. Hiyo ilikula dakika arobaini, ikakuta yaliyoharibika, ikayarekebisha. Akabadilisha kile kibetri kama sarafu kinachotunza tarehe, kwa sababu mashine ilikuwa inaamini tuko miaka kumi nyuma. Akaiwasha mara tatu, mara zote tatu nikihesabu muda, na mara ya tatu ilifika haraka kuliko simu yangu.

Ndipo akamsogezea Vumilia kiti. "Ni yako. Fungua mwenyewe."

Vidoti vyekundu vilitokea kimoja kimoja, kama vipele. Vilijaa ng'ambo ya korongo, hapo hakuna aliyeshangaa. Kisha vikaanza kutokea upande wetu. Saba. Nikamwambia Vumilia asogeze, nioneshwe njia ya kwenda kisimani, nikaoneshwa. Nikatafuta mchongoma ambao nilifungia kamba. Maganga alikuwa ameuwekea alama pia. Na hatua chache kutoka kwenye mchongoma, pale ambapo kwa vigingi vyangu ni kona ya darasa la pili, palikuwa na kidoti. Vumilia akakibonyeza, yakatokea maneno ya baba yake.

"Namba 41. Kina mita 19. Juu magogo na udongo. Ndani tupu."

Mimi nilikuwa na la kusema, na nilikuwa sijawahi kulisema kikaoni. Siku nilipokwenda kuchagua mahali, nilijaribu jembe sehemu tatu. Sehemu mbili ni changarawe ngumu, jembe linaruka. Ya tatu likazama lote bila kutumia nguvu, nikafurahi, nikasema hapa Mungu ametuonea huruma, wazazi hawatapata shida kuchimba. Kumbe udongo ule ulikuwa laini kwa sababu ulimwagwa juu ya magogo. Na magogo ya miaka hiyo yote yanakuwa yameoza kiasi gani? Niliwaza dawati na watoto juu ya magogo hayo, kisha nikaacha kuwaza.

Lakini ubishi ni ugonjwa. "Ramani inaweza kukosea," nikasema.

"Inaweza," Apolonia akajibu bila hasira. "Kesho beba nondo ndefu ya chuma."

Akaichapa ramani kwenye karatasi nne akaziunga kwa gundi, akahamishia vidoti kwenye simu ya Vumilia, na kompyuta akaifunga kwenye begi lake mwenyewe.

Jumamosi watu walifika zaidi ya mia moja, na majembe na sururu, na wanawake wamebeba maji na uji, na watoto wamekuja kuona shule yao inavyoota. Nilisimama mbele yao nikawaomba wasubiri. Manung'uniko yakaanza, na mzee mmoja akauliza kama kamati imekula mawe. Tulilaza mbao mbili ndefu kuvuka ile kona, nikajilaza juu yake kwa tumbo, nikaisimamisha nondo pale Vumilia aliposema, akiongozwa na simu yake, huku Apolonia amemkinga jua kwa mwamvuli ili aweze kuona kioo.

Nondo iliingia kwa mikono mitupu, bila nyundo. Ikafika kwenye kitu kigumu. Nikagonga mara moja, kigumu kile kikaachia, na nondo ikanitoroka mkononi. Nilibaki nimefumba vidole hewani. Baada ya muda ambao sitausahau, tukasikia kwa chini kabisa chuma kikigonga mwamba.

Mama Ghati, ambaye mwanawe ndiye angekuwa wa kwanza kuandikishwa, alimvuta mtoto kwa mkono akarudi naye nyuma, kisha akamvuta tena, kisha akambeba.

Niliinuka nikiwa na udongo kifuani. Niliwaambia kwamba mahali pale nilipachagua mimi, kwamba niliambiwa nikacheka, na kwamba kama si binti huyu, watoto wetu wangeketi juu ya shimo hili. Sauti yangu haikuwa ya mwenyekiti. Nikamwomba Vumilia atuongoze hadi kwenye ardhi ambayo baba yake aliiacha bila alama, kule juu kwenye changarawe ngumu.

Akatangulia, simu mkononi, na Apolonia kando yake na mwamvuli. Watu zaidi ya mia, majembe mabegani, tulimfuata kwa mstari mmoja, na kila mmoja wetu alikanyaga pale pale alipokanyaga yeye.